Kamba, bomba, tela au lori: njia za kutoa gari bovu Kigoma na kulifikisha Tabora

Gari limegoma Kigoma, fundi wa kulifufua yuko Tabora, na shemeji ana pikapu. Kila unayemuuliza ana jibu lake. Wa gereji anasema lifunge bomba uondoke alfajiri. Dereva wa lori anasema lipandishe kwenye Fuso ulale usingizi. Mwingine anakumbuka binamu yake aliyevuta Corolla kwa mnyororo mpaka Urambo bila tatizo. Huenda wote wanasema kweli, kwa gari walilokuwa nalo siku hiyo.

Kigoma hadi Tabora kwa barabara ya Uvinza, Malagarasi, Kaliua na Urambo ni zaidi ya kilomita 400. Kinachotosha kulitoa gari Ujiji na kulifikisha Mwanga hakitoshi hapa. Katika umbali huu kosa dogo hupata muda wa kukua: beringi kavu huungua, mkanda uliolegea hufunguka, na giaboksi nzima hufika Tabora imekuwa bovu kuliko injini uliyoenda kutengeneza.

Tunalinganisha njia tano: kamba au mnyororo, bomba la chuma, tela la nusu (linaloinua magurudumu mawili tu), tela zima (linalobeba gari lote), na kupakia kwenye lori. Kila moja tutaipima kwa mambo manne: magurudumu yanayobaki chini, breki, mwendo na barabara, kisha watu na gharama. Jambo la kwanza ndilo watu hulipuuza, na ndilo linalokata shauri mapema, kwa hiyo tunaanza nalo na kukaa nalo kidogo.

Magurudumu gani hayatakiwi kuzunguka?

Usiridhike kwamba gari likiwekwa nyutro basi liko salama. Kwenye giaboksi ya oto, pampu inayosambaza haidroliki (mafuta ya giaboksi hiyo) huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, pampu imelala. Magurudumu yanayosukuma gari yakiburuzwa chini, yanazungusha shafti na gia za ndani ambazo hazipati mafuta mapya. Vitabu vya magari ya oto vinavyoruhusu kuvutwa namna hiyo huweka mpaka wa makumi machache ya kilomita kwa mwendo wa polepole. Kilomita 400 hakuna kinachoziruhusu. Giaboksi za CVT, yaani oto zisizo na gia za hatua, ni hivyo hivyo. Kwenye haibridi, kama Aqua na Prius, kuna la ziada: magurudumu ya mbele yakizunguka yanazungusha mota, na mota ikizungushwa inazalisha umeme hata kama gari limezimwa.

Kwa hiyo jua gari lako linasukuma wapi. Vitz, IST, Passo, Spacio, Premio na Allion za kawaida husukuma mbele. Mark X, Crown na Hiace za kawaida husukuma nyuma. Noah inachanganya watu: ile ya zamani, SR40, inasukuma nyuma, lakini Noah na Voxy zilizoifuata zinasukuma mbele. Forester na Subaru nyingi zinasukuma kote muda wote. RAV4 na Harrier zipo za aina zote mbili, na hata IST na Premio zipo za 4WD (zinazosukuma kwa magurudumu yote manne), kwa hiyo jina la gari peke yake si ushahidi. Lala chini utazame. Gari ambalo injini yake imekaa kwa upana, na bado unaona propela (shafti ndefu ya chini ya gari) inakwenda nyuma mpaka kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia), ni la 4WD.

Gari la manyuo (la kubadili gia kwa mkono) linavumilia zaidi, ila halivumilii kila kitu. Linalosukuma mbele hujirushia oili lenyewe, kwa sababu gia kubwa ya difu imo ndani ya giaboksi, inazunguka pamoja na magurudumu na kuchota oili. Angalia tu kwamba oili ipo na haivuji. Linalosukuma nyuma ni tofauti: likiwa nyutro na injini imezima, ile shafti ya chini inayorusha oili haizunguki, wakati shafti ya kutokea inazungushwa na propela. Kwa safari hii fungua propela, liwe la manyuo au la oto.

Kufungua propela ni kazi ya nusu saa. Kwenye Toyota nyingi ni bolti nne za upande wa difu, spana namba 14. Kabla hujafungua, piga alama ya rangi kwenye propela na kwenye difu ili irudi ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka ukishalitengeneza. Ukiichomoa kabisa upande wa giaboksi, oili au haidroliki itamwagika. Ziba tundu kwa mfuko mgumu wa plastiki uliofungwa kwa raba ya tyubu. Propela ya vipande viwili ina beringi ya katikati, nayo lazima ishuke. Usiiache ikining'inia kwa waya mwembamba.

Hapa kuna kosa moja la hatari: kuchomoa ekseli za mbele za IST au Premio ili magurudumu yazunguke huru. Ekseli ile ndiyo inayoibana beringi ya hapu (kitovu cha gurudumu). Ikitoka, beringi hulegea na gurudumu linaweza kuachia njiani.

Kwa magari ya kazi yenye 4WD ya kuchagua, kama Land Cruiser, Hilux na Jimny za zamani zenye mti wa pili wa gia, weka transifa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye N na giaboksi kwenye gia. Jaribu mita chache kabla ya kuondoka: kama injini inazungushwa, transifa haijaachia.

Breki: nani anaubeba uzito?

IST ina uzito wa karibu kilo 1,000. Noah inakaribia 1,500, na Harrier inazidi hapo. Hilux ya kabini mbili ina karibu tani mbili. Ukivuta gari lisilo na breki zake, breki za pikapu zinasimamisha vitu viwili kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa kimoja. Nguvu ya kuua mwendo haipandi sawasawa na kasi: kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, breki zinapaswa kumeza nishati zaidi ya mara mbili na nusu.

Watengenezaji wanalijua hilo. Pikapu kama Hilux za miaka ya karibuni na Land Cruiser za 79 zimeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake, na kilo 750 tu ikiwa halina. Hilux za zamani ziko chini ya hiyo 3,500. Soma kitabu cha pikapu yenyewe, usisome cha jirani. Utagundua kwamba hata IST ikivutwa bila breki imeshavuka mpaka wa kitabu. Watu wanavuka kila siku, ni kweli, kwa sababu pikapu ina nguvu ya kuvuta. Tatizo halijawahi kuwa kuvuta. Tatizo ni kusimama pale ng'ombe mia wanapokata barabara baada ya Kaliua.

Na yule anayekaa ndani ya gari linalovutwa? Injini ikiwa imezima, busta ya breki (kifaa kinachoupunguzia mguu kazi) inabaki na pumzi ya kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani wa pawa unakuwa mzito. Anaweza kusaidia kusimamisha gari, lakini kwa mguu wote.

1. Kamba au mnyororo

Magurudumu: yote manne yako chini, kwa hiyo kila kilichosemwa hapo juu kinahusika.

Breki: ni za yule dereva wa nyuma, mwenye pedali ngumu na macho mita nne kutoka kwenye bodi ya pikapu. Kazi yake kubwa ni kuweka kamba ikiwa imekazika, kwa kugusa breki kidogo pikapu inapopunguza mwendo. Kamba ikilegea, mambo mawili hutokea: inaingia chini ya tairi, au pikapu ikiondoka inaivuta kwa kishindo na kung'oa pete ya kuvutia. Mnyororo haunyumbuki, kwa hiyo kishindo chake ni kibaya zaidi. Waya wa chuma ukikatika unapiga kama mjeledi. Ukilazimika kuutumia, tupia gunia zito katikati yake. Kamba ya nailoni ya mita 4 hadi 5 ndiyo afadhali.

Mwendo na barabara: 30, pengine 40 penye lami tupu. Kwenye vumbi dereva wa nyuma haoni chochote. Kuna hatari nyingine ambayo haitoki kwenye magari yenyewe: mwendesha bodaboda au baiskeli huona magari mawili yanayofuatana, haoni kamba, naye hukatiza katikati. Funga kitambaa chekundu katikati ya kamba, washa hazadi kwenye magari yote mawili, na usivute usiku.

Watu na gharama: ni bei ya kamba, ila inahitaji madereva wawili wanaoelewana kwa ishara, na kwa umbali huu watachoka wote wawili.

Inamfaa nani: aliyezimikiwa porini na anataka kufika mji wa karibu wenye gereji, Uvinza au Urambo. Kwa safari nzima, hapana, na hapa hatuna la kusawazisha.

2. Bomba la chuma

Kuna mabomba mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni la moja kwa moja, lenye tundu kila upande, linalofungwa kwenye pete ya mbele ya gari. Hili linahitaji dereva nyuma. La pili lina umbo la V: ncha moja kwenye pikapu, mbili kwenye chasisi ya gari linalovutwa. Hilo linaliongoza gari lenyewe, magurudumu ya mbele yanafuata, na hakuna haja ya mtu kukaa nyuma.

Magurudumu: yote manne chini. Kwa hiyo bomba ni la magari ya manyuo yanayosukuma mbele, yale yaliyofunguliwa propela, na yale yenye transifa ya kuwekwa N. Vitz ya oto isikaribie bomba.

Breki: bomba halilegei, na huo ni ubora mkubwa kuliko kamba. Lakini uzito wote usio na breki unaisukuma pikapu kwa nyuma. Tazama urefu wa viungio. Bomba likiinama sana kutoka kwenye pikapu ndefu kwenda kwenye gari fupi, ukifunga breki gari linaisukuma nyuma ya pikapu kwenda juu, tairi zake za nyuma zinapungukiwa uzito na zinateleza. Teremsha kiungio cha pikapu mpaka bomba likae karibu sawa na ardhi.

Mwendo na barabara: 50, basi. Usirudi nyuma na bomba la V. Magurudumu ya mbele yatajipinda mpaka mwisho na bomba litakunja kitu. Gari lenye boli jointi au tairodi (viungo vya magurudumu ya mbele na usukani) zilizochoka litapiga chafya za usukani kuanzia 40, yaani magurudumu yatatikisika kushoto na kulia yenyewe. Ukiona hivyo kwenye kioo, punguza, simama, usitarajie kwamba litatulia.

Watu na gharama: mchomeleaji mzuri anatengeneza bomba kwa siku moja, na ni hapo ubahili unapoponza. Bomba la maji jepesi halifai. Tafuta bomba la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 4 hadi 5, sahani za mwisho za milimita 10, pini ya milimita 20 yenye spliti pini, na bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani. Ncha za V zifungwe kwenye chasisi, zikiwa zimeachana sentimita 60 au zaidi. Bampa si mahali pa kufunga kitu. Ongeza mnyororo wa akiba kutoka pikapu hadi kwenye gari, kwa siku ambayo pini itatoka.

Usukani lazima uwe umefunguka. Weka ufunguo kwenye hatua ya kwanza, hakikisha usukani unazunguka, kisha chomoa waya mmoja wa betri ili isiishe. Gari la kuwasha kwa kitufe linaweza kuwa na kufuli ya usukani ya umeme; hilo lipime kabla ya kuamua bomba. Kwa sababu taa za nyuma za gari zitakuwa zimezimika, funga kibao cha taa nyuma yake chenye waya mpaka kwenye pikapu: breki, indiketa na taa ndogo.

Inamfaa nani: mwenye gari dogo la manyuo ambalo usukani na miguu yake ni mizima, msimu wa kiangazi, na dereva wa pikapu asiye na haraka.

3. Tela la nusu

Ni ekseli moja yenye vikapu viwili vya tairi. Gari linapandishwa magurudumu ya mbele, ya nyuma yanabaki yakitembea.

Magurudumu: hapa ndipo IST, Premio na haibridi za kusukuma mbele zinapopata nafuu. Magurudumu yanayosukuma yako hewani, ya nyuma ni ya kufuata tu. Gari la kusukuma nyuma linaweza kupandishwa kinyumenyume, lakini hatulipendi hilo kwa safari ndefu: usukani unabaki chini, kufuli yake ya ufunguo haikuundwa kwa kazi hiyo, na gari linayumba. Ni afadhali lipande kwa mbele na propela ifunguliwe. La 4WD ya muda wote halimo humu kabisa.

Handibreki ishushwe. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini handibreki iliyobaki meno mawili haionekani kwa nje, pikapu ina nguvu ya kuliburuza gari bila dereva kuhisi, na baada ya kilomita 20 ngoma za nyuma zinatoa moshi. Baada ya kufunga kila kitu, inua nyuma kwa jeki na uzungushe kila gurudumu kwa mkono.

Breki: matela mengi ya nusu ya kuchomelea hayana. Yenye breki za kujifunga yenyewe pikapu inapopunguza mwendo ni bora mno kwa mlima. Muulize mwenye tela, kisha hakikisha kwa macho. Kama hakuna paipu wala kebo inayokwenda kwenye ekseli, hakuna breki.

Mwendo na barabara: 60 penye lami nzuri. Mbele ikiinuka, nyuma inashuka: bampa na ekzosi zitakwaruza matuta ya vijijini. Pita polepole, au fungua kipande cha mwisho cha ekzosi kabla. Kurudi nyuma ni karibu haiwezekani, kwa hiyo ingia tu kwenye kituo cha mafuta unachoona pa kutokea.

Watu na gharama: dereva mmoja anatosha, ingawa mwenzake wa kumsaidia kukagua ana faida. Mikanda inayobana tairi ikazwe tena baada ya kilomita 10 za kwanza, kwa sababu tairi huwa zinajikalisha, kisha kila kilomita 60 hivi. Mkanda uliochanika ukingoni usifungwe fundo, tupa.

Inamfaa nani: mwenye gari dogo la oto la kusukuma mbele, ambaye bajeti yake haifiki tela zima. Hawa ni wengi kuliko wote.

4. Tela zima

Magurudumu: hakuna linalozunguka, mjadala wote wa giaboksi unafutika. Forester, haibridi, gari lililopata ajali na kupinda tairodi, yote yanabebeka.

Breki: tela la aina hii, lenye ekseli mbili, lina kilo 600 hadi 800 lenyewe. Weka juu yake Premio ya kilo 1,150 na unavuta karibu tani 1.9. Bila breki za tela usiondoke, hata kama mwenyewe anakwambia huwa anakwenda nalo hadi Kasulu.

Mwendo na barabara: kinachoamua usalama ni mahali gari linapokaa juu ya tela. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iangukie kwenye kichwa cha kuunganishia. Kwa tani 1.8, hiyo ni kilo 180 hadi 270. Mzani wa kupimia magunia kwenye ghala lolote la mahindi au tumbaku unaweza kulipima: weka kichwa cha tela juu yake tela likiwa sawa, soma namba. Pungufu, sogeza gari mbele. Zaidi, rudisha nyuma. Injini ndiyo nzito, kwa hiyo kwa kawaida gari hupanda kwa mbele.

Kichwa kikiwa chepesi, tela huanza kupiga mkia kwenye 60 au 70, hasa basi likikupita au ukiwa unateremka. Ukihisi mkia, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani sawa. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usijaribu kulifuata kwa usukani. Vyote viwili huzidisha. Kama tela lina kifaa cha kufunga breki zake peke yake, gusa hicho. Likitulia, simama ukapange upya mzigo.

Kichwa kikiwa kizito mno, nyuma ya pikapu inakaa na usukani unakuwa mwepesi. Na hapa tunajuana: pikapu haitoki Kigoma bodi ikiwa tupu. Madumu 20 ya mawese ya lita 20 ni zaidi ya kilo 360, ongeza gunia la dagaa na watu watatu nyuma, kisha kilo 200 za kichwa cha tela. Springi zimeshajaa kabla hujafika Kidahwe. Chagua moja.

Ukubwa wa boli ya kuunganishia (tufe la chuma la nyuma ya pikapu) umegongwa juu yake. Boli ndogo kwenye kikombe kikubwa itafunga vizuri ukiwa umesimama, kisha itachomoka kwenye tuta. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ikikatana kama X, ili kichwa kikichomoka kidakwe kisichimbe lami.

Gari lifungwe pembe nne kwa mikanda ya kukazia ya kuzungushia tairi, ili mwili wake uendelee kucheza kwenye springi bila kulegeza kitu. Acha kwenye P au gia, handibreki juu, kabari mbele na nyuma ya tairi. Kila unaposimama, sogeza kiganja karibu na kila hapu ya tela. Inayochoma kuliko wenzake ina beringi inayokufa. Grisi kabla ya safari ni rahisi kuliko kutafuta beringi Kaliua. Beba tairi ya akiba ya tela, na spana yake, kwa kuwa nati zake mara nyingi si saizi ya pikapu.

Watu na gharama: kukodi tela, mafuta mengi zaidi (pikapu ya dizeli inayokula lita 11 kwa kilomita 100 ikiwa tupu inaweza kufika 15 au zaidi), na safari ya kulirudisha tela Kigoma. Hesabu ya kwenda na kurudi ndiyo hesabu halisi. Kagua pia kama tela lina namba zake za usajili, na kama bima ya pikapu inatambua kuvuta.

Inamfaa nani: mwenye gari la thamani, la 4WD au lisiloweza kutembea kabisa, mwenye pikapu yenye uwezo ulioandikwa na dereva aliyewahi kuvuta tela.

5. Kwenye lori

Magurudumu na breki: havikuhusu tena. Hicho ndicho unacholipia.

Mwendo na barabara: lori linakwenda mwendo wake, mvua au jua. Malori yaliyoshusha mzigo Kigoma yanatafuta cha kurudi nacho, kwa hiyo bei ya kurudi kwa kawaida huwa pungufu ya bei ya kukodi lori maalumu, na unaweza kuungana na mizigo mingine. Pima kitanda kwanza: IST ina urefu wa mita 3.85, Premio inakaribia 4.6, na Canter ya kitanda kifupi haitaifunga mlango.

Watu na gharama: tatizo liko kwenye kupanda na kushuka. Gari hupandishwa kwenye kingo ya udongo iliyolingana na kitanda, au kwa mbao nene mbili na winchi ya mkono. Wengi hupanga Kigoma vizuri na kusahau Tabora: ulizia mapema gari litashukia wapi, la sivyo utalipa vijana kumi kulishusha kwa mbao usiku. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa upakiaji, na nani anabeba hasara likikwaruzwa. Piga picha pande zote kabla, chomoa betri, na hakikisha mapipa ya wengine hayakai kwenye boneti yako. Wenye subira huulizia pia ofisi ya mizigo stesheni, maana reli inaunganisha miji hii miwili.

Inamfaa nani: asiye na pikapu yenye uwezo, au ambaye gari lake ni zito, kama Harrier au Noah, au anayesafiri masika.

Kwa hali yako

Kama gari ni dogo, la manyuo, linasukuma mbele, na ni kiangazi, bomba la V lililochomelewa vizuri linakufikisha kwa pesa kidogo kuliko njia nyingine salama. Panga siku mbili, ulale Kaliua au Urambo, usilazimishe kufika usiku.

Kama ni oto ya kusukuma mbele, anza na tela la nusu. Ukilikosa Kigoma, linganisha bei ya kulileta na bei ya lori linalorudi. Mara nyingi zinakaribiana.

Kama ni la kusukuma nyuma, fungua propela, kisha chagua kati ya bomba na tela la nusu kwa kuangalia hali ya usukani. Usukani umechoka, tela.

Kama ni 4WD ya muda wote, au hujui ni nini na hakuna wa kukuhakikishia, lichukulie kama halitakiwi kugusa ardhi: tela zima au lori.

Kati ya Novemba na Aprili, waulize madereva wa mabasi hali ya vipande vya njia kabla ya kuondoka. Tope likiwepo hata mahali pamoja, bomba na tela la nusu ni vya kuahirishwa, kwa sababu pikapu ikikwama na mzigo usioweza kurudi nyuma utahitaji trekta ya kutoa vyote viwili.

Kama safari haiishii Tabora bali inaendelea Dodoma, fikiria milima. Kupitia Nzega na Igunga utaupanda mlima Sekenke. Ukipita huko, au ukipitia Nyahua, Chaya na Itigi, utakutana na mteremko wa Saranda baada ya Manyoni. Hapo ingia gia ya chini juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, gia ile ile ambayo ungepandia. Bila breki kwenye gari linalovutwa, bomba liishie Tabora, kipande kilichobaki kipandie lori.

Na kama pikapu yenyewe ina breki za kubahatisha, klachi inayonuka au springi zilizokatika, huna pikapu ya kuvutia. Mpigie mwenye lori.